Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: muuguzi apewe muda wa kumsikiliza mgonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu, nikiomba jambo moja: muda wa kumuuliza mgonjwa hali ya nafsi yake uhesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, upangiwe watumishi kama unavyopangiwa upimaji wa sukari na shinikizo la damu.

Watu wenye kisukari hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, takriban mara mbili ya wasio nacho. Sonona humfanya mgonjwa aruke dozi, auache mlo aliopangiwa na akose siku ya kliniki. Kisha sukari ikipanda tunaandika kwenye kadi yake kwamba hafuati masharti. Maneno hayo, nakiri, nimeyaandika mara nyingi bila kuuliza sababu. Kwa mgonjwa wa figo ugumu huzidi, kwa kuwa anayeunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa takriban saa 4 kila mara, huchoka, hukosa usingizi na hamu ya kula kutokana na figo zenyewe, na hivyo sonona hujificha ndani ya dalili za maradhi. Aliye katika nafasi nzuri ya kuona kwamba mtu huyu si yule wa mwezi uliopita ni muuguzi anayemhudumia kila wiki.

Kuanza hakuhitaji kifaa. Yapo maswali mawili mafupi, yaliyochapishwa mwaka 2003, kuhusu kutofurahia mambo na kuhusu huzuni au kukata tamaa katika wiki mbili zilizopita. Anayefikisha alama 3 kati ya 6 huchunguzwa zaidi. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 214 katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa wauguzi wakisimamiwa na madaktari waliweza kushusha sonona pamoja na sukari, shinikizo la damu na lehemu (mafuta kwenye damu).

Hata hivyo, Mheshimiwa, usitutumie fomu peke yake, maana fomu tunazo za kutosha. Mgonjwa akijibu kwamba amechoka kuishi, muuguzi awe amefunzwa la kufanya, awe na msimamizi wa kumpigia simu siku hiyo hiyo, na rufaa anayoiandika impokeze mgonjwa kwa mtu, si kwa foleni ya miezi.

Ikiwa wizara haiwezi kuanza kote, ianze na vitengo vya kusafisha damu, ambako mgonjwa tayari amelala kitandani na muuguzi yuko kando yake.

Wako katika utumishi,
Muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu