Salamu za Krismasi kutoka kibanda cha fundi, Moshi

Heri ya Krismasi, wateja wangu na wazazi wenzangu. Naandika haya usiku wa tarehe 22 Desemba, bado niko kibandani Mbuyuni. Mezani kuna magauni kumi na moja hayajatiwa vifungo, na kaptula tatu zinasubiri zipu. Jirani yangu wa kibanda cha pili, ambaye ni Mwislamu, amekaa nami tangu aliposwali magharibi, ananipigia pasi, kama mimi ninavyokaa naye mkesha wa Idd. Mungu ambariki.

Mnaoteremka stendi usiku huu mmebeba watoto waliolala, karibuni nyumbani. Mlioko Uru, Kibosho, Machame, Marangu, Mwika na Rombo mkisubiri wageni, Mungu awafikishie salama. Na nyinyi mliozika mwaka huu, mnaokwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kukuta kaburi jipya migombani, poleni sana. Nyinyi nawakumbuka kuliko wote.

Nina jambo moto moyoni tangu Januari, nalo ni fedha tunazotumia kwa watoto sikukuu hizi. Nisikilizeni kama mtu anayewapenda, maana watoto wenu wengine nimewapima kabla hawajajua kusimama bila kushikwa.

Kwetu zawadi ya Krismasi ya mtoto ni nguo. Vingine vimekuja baadaye: gari la rimoti, mdoli anayeimba, tableti. Lakini mtoto wa huku, hata yule ambaye hajawahi kushika toi ya dukani, anajua kwamba tarehe 25 asubuhi atavaa nguo mpya kwenda kanisani. Ndiyo maana Desemba fundi halali. Kuanzia wiki ya pili ya mwezi natandika godoro chini ya meza ya kukatia.

Mwaka jana, tarehe 18, alikuja mama na binti yake wa miaka saba. Mama alikuwa na picha kwenye simu: gauni la satini, tabaka tatu, lesi shingoni, ua kubwa kiunoni. Nikaanza kupima. Binti akainua mikono kama wanavyoinua wote, nikapitisha futikamba: kifua inchi ishirini na tatu, kiuno ishirini na mbili. Nilipopiga magoti kuchukua urefu, akaniinamia sikioni akaniuliza, "Mama fundi, litakuwa na mfuko?"

Nikamwuliza mfuko wa nini. Akasema wa kuwekea hela za sikukuu, kwa sababu mwaka uliotangulia alizishika mkononi akaziangusha njiani kwenda kwa bibi.

Hela za sikukuu mnazijua. Mtoto anapita nyumba kwa nyumba, ukoo mzima, anasalimia, anasema "naomba sikukuu yangu." Huyu anampa mia mbili, yule mia tano, shangazi aliyejaliwa anatoa elfu. Binti yule alikuwa amekaa na wazo lake mwaka mzima. Mama yake akakataa, akasema mfuko utaharibu mshono.

Tukapiga hesabu. Satini, neti, bitana, lesi, zipu na ufundi: 48,000. Viatu vyeupe alivyokwisha kuvinunua: 25,000. Kusuka: 10,000. Pochi ndogo ya kung'aa, kwa kuwa mfuko umekataliwa: 8,000. Soksi: 2,000. Jumla 93,000 kwa mtoto mmoja, na mama yule ana watatu.

Gauni nikalishona, nalo lilipendeza, sitasema uongo.

Wiki ya kwanza ya Januari mama yule akarudi. Safari hii alikuwa peke yake, asubuhi mapema, hata turubai sijalikunja. Alitaka sketi ya bluu na shati jeupe. Tangu Januari 2016 shule za umma, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazina ada, na hilo limetuokoa wengi. Lakini sare, madaftari na sweta la baridi yetu vimebaki kwa mzazi. Sketi 14,000, shati 10,000, sweta 13,000. Hiyo ni 37,000, na hakuwa nayo. Akaomba nimshonee, atalipa mwisho wa mwezi.

Nilikubali. Lakini binti alianza shule akiwa amechelewa wiki nzima, kwa sababu hata mimi nilikuwa sina hela ya kitambaa. Nilikuwa nawasubiri wengine wanane waliochukua sare kwa mkopo kama yeye. Jioni moja nilifungua daftari langu la vipimo nikayatafuta majina yao, na wote wanane niliwakuta kwenye kurasa za Desemba. Satini, satini, suti ya vipande vitatu ya mtoto wa miaka minne, satini. Nikageuza ukurasa: sare, hajalipa; sare, hajalipa. Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Siku hiyo ndiyo nilisema Krismasi ijayo sitanyamaza.

Simlaumu mama yule, wala hao wanane. Najua wanachokiogopa. Krismasi ya Kilimanjaro haiishii sebuleni kwa mtu, inakwenda mpaka mbele ya ukoo. Mtu amekaa Dar es Salaam au Mwanza miezi kumi na moja, kila akipiga simu nyumbani anasema mambo yanakwenda vizuri. Tarehe 25 baada ya ibada watu wanasimama nje ya kanisa kusalimiana, na hapo nguo ya mtoto wake ndiyo inayosomwa. Shangazi anamzungusha mtoto, anashika kitambaa kwa vidole viwili, anauliza mmenunua wapi. Mjomba anatazama viatu. Mzazi amesimama pembeni anasubiri. Mama mmoja aliniambia hapa hapa kibandani, machozi yakimlengalenga, "Fundi, nishonee litakalowafunga midomo." Mumewe alikuwa ameachishwa kazi mwezi Agosti na kule nyumbani hawakuwa wanajua.

Na kuna baba mmoja simsahau. Mwaka juzi alishuka basi la kutoka Dar, akaja moja kwa moja kwangu na boksi linalomfika kiunoni. Ndani mna gari la betri, lile ambalo mtoto anakaa na kuliendesha. Watoto wake wanalelewa na bibi yao Old Moshi. Alitaka nimshonee kifuniko cha kitambaa ili mwanawe asilione kabla ya siku. Nikiwa nashona akaniuliza, kwa sauti ya chini, mtoto wa miaka mitano anavaa kaptula ya kiasi gani, maana alitaka amnunulie na kaptula lakini hajui amekuwa mkubwa kiasi gani. Nikaacha kushona. Nikamsogezea kiti, nikammiminia chai. Alikaa muda mrefu hasemi kitu, mkono ameuweka juu ya boksi. Baba yule alikuwa anatafuta kununua miezi kumi na moja, na miezi haiuzwi, ndiyo maana kila bei aliyotajiwa siku ile aliiona ndogo.

Mimi nilikulia Uru, mtoto wa mkulima wa kahawa. Kahawa yetu ilipelekwa chama cha msingi, chama kikauza kupitia KNCU, ushirika wetu wa tangu 1933, na fedha zilikuja kwa awamu. Malipo ya pili yakiwahi kabla ya Krismasi, baba alishuka mjini akarudi na kitambaa, kipande kikubwa cha jora moja. Sote sita tulivaa kitambaa hicho kimoja, wasichana magauni, wavulana mashati, na mtu yeyote akitutazama kwenye benchi kanisani alijua sisi ni wa nani. Mama aliacha upindo mpana chini ya magauni yetu, inchi nne, wakati mwingine tano.

Julai 1989 ule mgao wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na bei ya soko la dunia ikaporomoka karibu nusu. Watoto hatukuyajua hayo. Sisi tulichokiona ni Desemba ya 1990, baba anaingia getini kutoka chamani na mikono mitupu, anakwenda moja kwa moja migombani bila kutusemesha. Mama hakusema neno. Usiku alitoa magauni yetu ya mwaka uliopita, akafumua upindo, akayaachia urefu, akayapiga pasi ya mkaa. Kitambaa kilikuwa cha bluu, nacho kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni. Lakini pale palipokuwa pamekunjwa rangi ilikuwa mbichi kama ya dukani, mstari wa bluu kali umelizunguka gauni zima kwa chini. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaamini ni urembo. Kanisani nilimwonyesha rafiki yangu, nikamwambia mama ametutia mkanda wa bluu, naye akatamani wa kwake.

Mbuzi alichinjwa kwa babu kama kawaida, kisusio, ile supu ya damu, tukanywa. Jioni baba akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi za mtori pamoja nasi. Hakuwahi kufanya hivyo. Alituuliza mmoja mmoja tulisoma nini mwaka ule, akasikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Krismasi nyingine za utoto wangu zimechanganyikana, siwezi kusema ipi ni ipi. Ile naijua saa kwa saa.

Madukani siku hizi mmemwona yule mzee wa ndevu nyeupe na kofia nyekundu. Asili yake ni Nikolao, askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi ya Uturuki ya leo, karne ya 4. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu na hakuwa na mali ya kuwaozea, kama desturi ya kwao ilivyodai kwa baba wa binti. Askofu akawa anakuja usiku, anarusha mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba, anaondoka asijulikane. Katika habari hiyo mimi napenda ule usiku. Alitazama nyumba ile inapungukiwa nini akatoa hicho, na nje hapakuwa na mtu wa kukagua.

Linaloniuma zaidi ni mikopo. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, imefika mpaka kwenye nguo za watoto. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni, lakini bado wateja wananionyesha meseji za vitisho. Tarehe 29 Desemba mwaka jana nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniamuru nimwambie mteja wangu fulani alipe deni, kisa namba yangu aliikuta kwenye simu ya mteja huyo. Hata mchungaji wake na mwalimu wa mwanawe walipigiwa. Gauni lililokopewa nilikuwa nimelishona mimi, na lilikuwa limevaliwa siku moja tu. Wazazi wenzangu, nawaomba kwa unyenyekevu, msikope kwa ajili ya siku hii. Ukiwa huna, njoo uniambie huna. Tutageuza la mwaka jana, tutakata la dada mtu tumshonee mdogo wake, tutapata la kufanya.

Mwaka huu nimejaribu kitu. Kila mtoto niliyempima nimemwuliza yeye kwanza anataka nguo ya namna gani, mzazi akisikia. Mmoja alitaka kaptula isiyombana akicheza mpira. Mmoja alitaka afanane na mdogo wake. Wawili walitaka mifuko. Tabaka tatu hakuzitaja mtoto hata mmoja, zile huja na picha za simu. Pia anayeleta nguo ya sikukuu namkatia na sare siku hiyo hiyo, analipa kidogo kidogo kuanzia Oktoba. Wateja kumi na wanne wamekubali, na sketi zao za bluu zimetundikwa hapa nyuma yangu pamoja na magauni.

Yule binti alikuja tena, tarehe 15. Kifua kimefika ishirini na nne na nusu. Mama yake alikuwa ameleta lile gauni la mwaka jana kwenye mfuko, akaniambia polepole, "Fundi, tazama kama linaweza kuongezeka." Nikaligeuza. Upindo ulikuwepo, inchi tatu, niliuacha mwaka jana bila kuambiwa na mtu, mkono wangu umezoea hivyo. Nimeufumua leo jioni. Satini ya ndani inang'aa kuliko ya nje iliyokwisha kufuliwa, mstari unaonekana, nami nimeuacha uonekane. Nimelipanua ubavuni, na kwenye mshono wa kulia nimetia mfuko kwa kipande kilichobaki kapuni tangu mwaka jana. Kipande hicho hakina bei. Nimechukua sarafu ya mia tano na kuiingiza ndani ili nijaribu kina chake, na sarafu hiyo sitaitoa.

Nafunga tarehe 24 saa nane mchana, napanda Hiace ya Uru. Mwenye nguo yake aje kabla ya hapo, na asiyekuwa na salio aje vilevile, achukue nguo ya mtoto, tutaonana Januari. Krismasi njema, na Mungu awalinde barabarani.