Baba katunza stoo miaka 22, na hataki nisomee ugavi

Ndugu Mshauri,

Naomba unisome hadi mwisho. Dirisha la maombi ya chuo linafungwa mwisho wa mwezi huu, na fomu yangu bado ina nafasi tatu tupu.

Mimi ni binti wa miaka 20. Nimemaliza sekondari, hesabu nimefaulu vizuri, na ninachotaka nakijua: ununuzi na ugavi. Anayepinga ni baba yangu, na hapingi kwa ukaidi. Ametunza stoo ya dawa katika hospitali moja kwa miaka 22. Kazi hiyo anaijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na ndiyo iliyomuumiza.

Miaka sita iliyopita gari la mzigo lilifika usiku. Maboksi yalikuwa yamefungwa, yakahesabiwa kwa nje, idadi ikalingana na hati, baba akasaini. Yalipofunguliwa wiki iliyofuata, baadhi hayakuwa yamejaa. Aliyemchagua mzabuni hakuulizwa. Aliyelipa ankara kabla mzigo haujakaguliwa hakuulizwa. Baba akakatwa mshahara miezi minane. Tangu hapo kauli yake ni moja: "Mwanangu, kwenye ugavi saini yako ndiyo shingo yako." Anataka nisome uhasibu, nikae ofisini na hesabu zinazoletwa mezani.

Mimi tukio lile naliona vingine. Nilipoanza kusoma habari za fani hii nilikuta jambo la kawaida kabisa: oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara vilinganishwe vyote vitatu kabla pesa haijatoka, na anayeagiza asiwe anayepokea, wala anayepokea asiwe anayelipa. Pale stoo baba alipokea, alihifadhi na alitoa, mtu mmoja, na hakuna aliyekagua nyuma yake. Nikisoma hiki kitu, nataka niwe yule anayepanga utaratibu, mtunza stoo asiachwe peke yake usiku na kalamu mkononi.

Likizo iliyopita nilimsaidia kuhesabu. Anapita rafu kwa rafu, anagonga kila boksi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama ni tupu, kisha ndipo anasoma kadi. Siku ya pili, nyuma kabisa ya rafu ya chini, tulikuta katoni tatu za dawa ya maji ya watoto zimepitwa na muda. Mbele yake zilipangwa katoni mpya za dawa hiyohiyo. Zililetwa baba akiwa mapumzikoni, na aliyemshikia nafasi alizisukuma pale palipokuwa wazi, watu wakawa wanachukua za mbele. Inayokaribia kuisha muda ndiyo itoke kwanza. Hilo baba analisema hata usingizini. Alichuchumaa akaandika namba za toleo moja moja, bila kusema neno. Siku ile ndipo nilipojua nataka kufanya nini maishani, maana dawa ilikuwepo, ilinunuliwa, ililipiwa, na haikumfikia mtoto yeyote.

Halafu kuna hesabu yenyewe, ambayo naipenda mno. Mwaka 1913 Mmarekani Ford Harris alitoa kanuni ya kukokotoa kiasi cha kuagiza kwa mara moja, ukipima gharama ya kuagiza dhidi ya gharama ya kutunza. Ndani yake kuna kipeuo cha pili, kwa hiyo matumizi yakiongezeka mara nne, oda inayofaa inaongezeka mara mbili tu. Nilimchorea baba kwenye daftari. Akaniambia yeye miaka yote hufanya hivyo: dawa ikianza kutoka sana, haongezi mzigo kwa pupa, anaongeza kidogo na kuagiza mara nyingi zaidi. Hakuwahi kufundishwa. Tulikaa na daftari lile hadi usiku, na kwa mara ya kwanza hakulitaja neno uhasibu.

Sasa tatizo langu, ambalo si baba peke yake.

Mwalimu wangu wa hesabu anasema nisichukue shahada ya ununuzi na ugavi. Kwa maoni yake itanipa zabuni, mikataba na taratibu, lakini hesabu kidogo. Anataka nisome takwimu au uhandisi wa viwanda, kisha nifanye mitihani ya bodi za fani. Ananitajia CIPS, chama cha wanataaluma wa ununuzi na ugavi cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1932, na vyeti vya ASCM, chama cha fani ya ugavi cha Marekani, kama CPIM, kinachohusu kupanga uzalishaji na akiba ya mali. Nimefuatilia na kuona kwamba uanachama kamili wa CIPS unadai pia uwe umefanya kazi yenyewe miaka isiyopungua mitatu, si mitihani tu.

Binamu yangu kachukua njia nyingine. Ana shahada hiyohiyo ninayoitaka, na ananihimiza niichukue, kwa sababu matangazo mengi ya kazi anayoyaona yanaitaja kwa jina. Lakini yeye mwenyewe mwaka wa pili sasa anaingiza oda kwenye kompyuta, na ile programu ndiyo inayomwambia aagize nini na lini. Hilo linanitisha. Najifariji nikikumbuka Machi 2021, meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku 6. Kuna waliosubiri, na kuna waliogeuza meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu zaidi, bila kujua mfereji utafunguka lini. Uamuzi wa namna ile bado unahitaji mtu anayeelewa mzigo ni wa nani na utaharibika lini. Ila mtu huyo huandaliwa na masomo gani? Hapo ndipo ninapokwama.

Najua pia kwamba ndani ya ugavi kuna kazi nyingi zisizofanana. Majadiliano na wazabuni hayanivutii, na forodha siijui. Moyo wangu uko kwenye kupanga mahitaji na kutunza akiba.

Basi naomba unishauri. Kwa anayetaka kupanga mahitaji, je, msingi wa takwimu utamfungulia mlango, au mwajiri ataona hana jina la fani kwenye cheti? Nikichukua ununuzi na ugavi, masomo gani ya kuchagua yaniongezee hesabu? Na je, nianze na mafunzo kwa vitendo stoo kabisa, chini, kabla ya ofisi? Mwenyewe nadhani ndiyo, lakini binamu anasema ukiingia kwa mlango wa stoo watakuacha hukohuko.

Baba anajua nimekuandikia. Ameomba niongeze swali lake: huyo msomi wa ugavi, mzigo ukifika saa nane usiku atashuka stoo kuhesabu, au atasubiri hati asubuhi? Nami ningependa ulijibu hilo kwanza, kwa sababu jibu lake nitamsomea.

Ni mimi,
Binti wa mtunza stoo