Mwanangu, toza akili yako waziwazi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa salamu zako. Huku hatujambo, baba yako magoti yamepoa kidogo na anakusalimu. Picha za kliniki yako unayotaka kufungua tumeziona. Rangi imekaa vizuri, na sehemu ya kusubiri ina kivuli, jambo ambalo huko mtaa wa Mwanga wengi hulisahau. Ila picha ya bango la bei niliikuza kwenye simu nikaisoma mstari kwa mstari, na ndiyo sababu ninakuandikia. Nikikupigia utanikatiza.

Mstari wa kwanza umeandika: kumwona daktari, bure. Chini yake kila kipimo na kila dawa ina bei. Najua moyo ulioandika hivyo. Unafungua kliniki mahali ambapo watu walikuona ukienda shule na sare, na unaona haya kudai pesa kwa kuongea tu na mgonjwa. Ninakuomba ukiondoe kibao hicho kabla hujafungua mlango.

Miaka yangu yote ya kazi nimekaa kwenye dirisha la malipo la hospitali ya misheni, na ninajua pesa ya mgonjwa inavyotembea. Tuseme pango, mishahara ya nesi, mtu wa maabara na mtu wa dirishani, umeme, maji, uchomaji wa taka na ada za leseni vinakula shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Tuseme unapata wagonjwa 10 kwa siku, siku 26. Hao ni wagonjwa 260, na kila mmoja lazima aache kama 11,500 kabla wewe mwenyewe hujapata hata ya sabuni. Wakiwa watano kwa siku, ni kama 23,000. Na miezi ya mwanzo watakuwa watano, mwanangu, siku nyingine wawili. Pesa ya kuvuka miezi hiyo iwe imewekwa pembeni tangu sasa. Usitegemee kuitoa mifukoni mwa hao wawili.

Sasa ukisema kumwona daktari ni bure, zile 11,500 zinatoka wapi? Zinatoka maabara na dirisha la dawa, hakuna pengine. Itafika tarehe 25, mwenye nyumba anapiga simu, na mbele yako amekaa mtu mwenye kichwa kinachouma. Utamwandikia mkojo, utamwandikia Widal ya kutafuta taifodi, utamwandikia picha kamili ya damu. Atatoka na malaria, UTI na taifodi kwa pamoja, kama watu wetu wengi wanavyotoka kila siku katika vituo vya mjini, na mfuko wa vidonge ambao nusu yake hauhitaji. Wewe umesoma, unajua Widal ilivyo dhaifu katika nchi ambayo taifodi imezoeleka: mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kusomeka mgonjwa leo. Unajua pia antibaiotiki zinazogawiwa ovyo zinavyotuharibia dawa. Wenzako wanaofanya hivyo nao wanajua. Wengi wao si watu wabaya. Walianza na bango kama lako, na mwisho wa mwezi ukawafundisha yaliyobaki.

Ada ya kumwona daktari ndiyo inayokupa uhuru wa kusema "huna kitu, nenda nyumbani." Fikiria mama wa Katubuka amekuja saa mbili usiku na mtoto wa miaka mitatu ana homa. Angeweza kwenda serikalini ambako mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo, lakini zahanati ya jirani imefungwa na hana nauli ya bodaboda ya kumfikisha hospitali ya Maweni. Unampima mtoto, unasikiliza kifua, unaangalia masikio na koo, unahesabu pumzi. Kipimo cha haraka cha malaria kinasoma mstari mmoja tu, yaani hana malaria. Ni mafua. Dawa anayohitaji ni panado, maji ya kutosha, na mama aelezwe dalili za kumrudisha mbio: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, mbavu zikivutwa ndani. Hiyo ni kazi nzima ya daktari, na ni dakika 20 zako. Kama hukutoza dakika hizo, umemtibu vizuri na umepata hasara, na hasara ya namna hiyo ikijirudia kila usiku utaanza kuiona mistari miwili pale penye mmoja.

Atanung'unika, ndiyo. Atasema, "Nimelipa na hata sindano sikupewa." Watu wetu wamezoea kulipia kitu kinachoshikika. Na wazee wa umri wangu tumekua tukiambiwa matibabu ni bure: sheria ya 1977 iliwafungia madaktari mlango wa kutibu kwa faida, ukafunguliwa 1991, na 1993 hospitali za serikali nazo zikaanza kutuchangisha. Kwa hiyo mtu anayelipia maneno ya daktari bado anajiona ameibiwa. Mweleze tu, kwa upole, kila siku, na mwandikie kwenye kadi ulichokiona na ulichomwambia ili aondoke na kitu mkononi. Mama yule akirudi mwezi ujao na mtoto mwingine, atakuwa amekuelewa.

Bei iwe moja na isemwe kabla ya mgonjwa kuguswa. Kipimo kikiongezeka katikati, mtu arudi dirishani aambiwe kiasi, akubali, ndipo achomwe. Mgonjwa anayeshuka boti Kibirizi akitokea Kongo au Burundi alipe anacholipa jirani yako wa Gungu, hata kama anaonekana ana dola. Risiti ya mashine apewe kila mtu, bila kusubiri aombe. Anayeletwa anavuja damu au hajitambui, huyo mguse kwanza, habari ya pesa watazungumza ndugu zake baadaye.

Na wewe pesa usiishike. Hili nalisema kwa nguvu zote. Kliniki ya daktari mmoja ina ubaya huu, kwamba kila anayetaka kupunguziwa anakuja mezani kwako na jina la shangazi yako. "Wewe si mtoto wetu wa Ujiji?" Ukianza kupatana bei na mtu ambaye umemshika mkono unatafuta mapigo ya moyo, hutamsikiliza vizuri, naye hatakuambia yote. Mjibu hivi: bei iko dirishani, mimi kazi yangu ni wewe upone.

Lakini watakaokosa kabisa wapo, na hapa Kigoma unawajua kwa kalenda. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawaingii ziwani, na nyumba zinazoishi kwa dagaa zinakauka hadi giza lirudi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ulisikia mwenyewe hali ya mialoni. Watakuja na kuomba kukopa. Mimi nakushauri usikopeshe. Amua palepale: huyu atalipa leo, au huyu amesamehewa. Aliyesamehewa aandikwe kwenye daftari lake, kiasi kamili, na kila mwezi utenge fungu la msamaha ambalo huvuki, ili ujue huruma yako inakugharimu kiasi gani. Deni la matibabu nimeliona likifanya kazi mbaya kuliko kupoteza pesa. Mtu anayedaiwa hapiti tena mlango ule. Mtoto wake akiugua atazunguka njia ya nyuma asionwe na nesi, ataenda duka la dawa kununua vidonge vinne, na utamwona mtoto huyo siku ambayo huwezi tena kumsaidia. Elfu nane iliyosamehewa imekwisha siku ileile, na mama anarudi na uso wake.

Kuhusu bima, usibandike nembo ya NHIF ukutani kabla kituo hakijasajiliwa na mkataba haujasainiwa, maana watu watapanda daladala kwa ajili ya nembo hiyo. Ukishapata mkataba, kadi ihakikiwe kabla ya huduma, fomu isainiwe na mgonjwa akiwa bado yupo, na ugonjwa ulioandika ulingane na dawa uliyotoa. Makato mengi niliyoyaona kwenye madai yalitokana na saini iliyosahauliwa au dawa isiyo na ugonjwa wake kwenye karatasi, wala si wizi. Pia kituo cha ngazi yako kina orodha yake ya kinachoruhusiwa. Kipo kitu utakachokitoa kwa nia njema na bima haitakilipa kamwe. Dai la mwezi huu usilitegemee kulipa mshahara wa mwezi huu. Na Machi 2024, kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, kilipoanza na hospitali kadhaa binafsi zikasitisha kupokea kadi, tuliona wote hatari ya kuegemea mlipaji mmoja. Wenye kadi wawe sehemu ya wagonjwa wako, wasiwe wote.

Nitumie orodha ya gharama zako zote za mwezi, bila kuficha mkopo wa mashine ya ultrasaundi, nipige hesabu ya ada. Nadhani itatoka juu kidogo ya wanayotoza majirani, na tutaitetea. Na yule binti unayetaka kumweka dirishani, mlete akae nami Ujiji wiki moja kabla hujafungua. Nitamfundisha kufunga hesabu ya siku, kulinganisha risiti na Lipa Namba, na kumwambia mtu bei bila kumwaibisha.

Mama yako.