Utalii wa Mbeya usipangwe na wenye hoteli peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini inavyopanga utalii wake.

Ukimuuliza mwenyeji wa Mbeya mgeni apelekwe wapi, atakutajia vivutio ambavyo vingi viko nje ya mipaka ya Jiji: Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu viko Rungwe, ufukwe wa Matema uko Kyela, Hifadhi ya Kitulo kwa sehemu kubwa iko Makete, na kimondo cha Mbozi kimebaki Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa mwaka 2016. Kilichomo mikononi mwa madiwani wa Jiji ni leseni, ushuru, sheria ndogo, stendi, taa za barabarani na usafi. Huko ndiko mgeni anakolala, anakokula na anakotafuta usafiri, kwa hiyo si jambo dogo.

Nimewahi kuhudhuria kikao cha wadau wa utalii kilichoitishwa na halmashauri moja ya ukanda huu. Rasimu tuligawiwa mlangoni, na kabla hatujaufikia ukurasa wa tatu tukaombwa maoni. Waliokuwapo wengi walikuwa maofisa na wenye hoteli kubwa. Mwenye gesti ya vyumba sita, dereva wa bajaji, mama lishe wa stendi na kijana anayepandisha wageni mlimani hawakuitwa. (Chai, nakiri, ilikuwa nzuri.) Baadaye watu hao hao wasioitwa ndio wanaodaiwa ushuru uliotokana na rasimu ile.

Sheria inazitaka mamlaka za miji kutangaza kusudio la kutunga sheria ndogo na kupokea pingamizi za wakazi, lakini tangazo lililobandikwa ukutani kwa lugha ya kisheria halimfikii mtu anayeamka alfajiri kwenda soko la Mwanjelwa. Napendekeza rasimu yoyote ya utalii ipite kwanza kwenye Kamati za Maendeleo za Kata, ndipo iende kwenye kamati za kudumu na Baraza la Madiwani, tena mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na maoni ya mwezi Mei hukuta fedha zimeshagawanywa. Madiwani wa Jiji wakae pia na wenzao wa Rungwe na Kyela kabla ya kupanga ushuru, maana mgeni ni yule yule mmoja, na akitozwa kila anapovuka mpaka wa halmashauri, safari ijayo atapitiliza.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya