Risala ya Walimu na Walezi kwa Mgeni Rasmi: Tenisi kwa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Viongozi mlioambatana naye, walimu wakuu, maafisa elimu kata, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi wenye siku yenu:

Tunawasalimu nyote kwa heshima. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu wa kuja hapa Mtwara Mikindani kushuhudia mafunzo ya tenisi kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Baada ya risala hii utawaona uwanjani. Utaona uwanja wao ni mdogo, wavu ni mfupi na mipira ni myekundu. Hatukufanya hivyo kwa kukosa vifaa vya wakubwa, wala kwa kuwahurumia watoto. Ndivyo tenisi ya mtoto inavyofundishwa, na kazi yetu yote imesimama hapo: vifaa na kanuni hupimwa kwa mwili wa mtoto, si mtoto kupimwa kwa vifaa.

Tuanze na mpira, maana hapo ndipo watoto wengi huharibiwa mapema. Mpira wa kawaida wa njano ukiangushwa kwenye saruji kutoka sentimita 254 hurudi juu sentimita 135 hadi 147. Mwekundu hurudi 90 hadi 105. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 120 akipewa wa njano, mpira unamjia usoni. Atafumba macho, atarudi nyuma, raketi itachelewa, na wanaotazama watasema hana uwezo. Tangu Januari 2012 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zimekataza mpira wa njano wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Ikiwa watoto wasio na ulemavu wamewekewa kinga hiyo, basi kumkabidhi mpira huo mtoto anayeanza, mwenye mtindio wa ubongo, ni kumwonea.

Wapo watu wema wanaotuletea mipira ya njano iliyochakaa, wakiamini imeshakuwa ya watoto. Haijawa. Kudunda kumepungua, lakini uzito uko palepale, gramu 56 hadi 59, ilhali mwekundu hauzidi 49. Mtoto mwenye sindromu ya Down huwa na misuli na viungo vilivyolegea, na mpira mzito humpindulia raketi mkononi. Ile iliyochakaa tunaitumia kuviringisha chini na kulengea makopo tu.

Raketi ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.5. Watoto wetu wanaanza na ya sentimita 43 hadi 58, na hata hiyo tunawaambia waishike karibu na kichwa chake, wala si mwisho wa mpini, kwa sababu mkono unaoongoza kitu kifupi hukosea kidogo. Wavu unakaa sentimita 80 kutoka chini. Kipande cha wavu wa wavuvi kilichofungwa kati ya viti viwili kinatosha kabisa, ila juu yake tunatandika khanga ya rangi kali, kwa sababu mtoto mwenye uoni hafifu hauoni wavu mtupu.

Kuhusu uwanja, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uwanja wa tenisi wa kawaida ni mita 23.77 kwa 8.23 kwa wachezaji wawili. Uwanja mwekundu, yaani ule wa kuchezea mpira mwekundu, ni kama mita 11 kwa 5.5. Uwanja mmoja wa netiboli, wenye mita 30.5 kwa 15.25, unabeba viwanja vinne vya namna hiyo vikipangwa kwa kuukata upana wake, na nyuma ya kila mchezaji hubaki mita mbili. Kwa watoto wenye viti vya magurudumu tunapanga viwili tu, maana kiti kinahitaji nafasi ya kugeukia. Tatizo kubwa la mji wetu ni mchanga. Juu ya mchanga mpira haudundi, na gurudumu jembamba la kiti linazama. Udongo wa kichuguu ukitwangwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa unadundisha vizuri kiangazi, lakini mvua za masika huutoboa.

Sasa mafunzo yenyewe. Hatumpi mtoto raketi siku ya kwanza. Anaviringisha mpira kwa kiganja kwa mwenzake aliye mita mbili mbele yake, na mwenzake anausimamisha kwa mikono miwili. Kisha anaurusha kwa mkono kutoka chini, na anayepokea anaudaka baada ya mdundo mmoja. Hatua hii ya kudaka ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo walimu wenye haraka huiruka. Asiyeweza kuudaka mpira hajajua utamfikia wapi na lini, na raketi haitamfundisha hilo. Baada ya hapo anaupiga kwa kiganja kitupu, halafu kwa kibao kifupi, ndipo anapewa raketi. Kwanza anauangusha mpira mwenyewe na kuupiga. Baadaye mwalimu anamrushia kwa mkono akiwa mita mbili, halafu nne, halafu kutoka ng'ambo ya wavu. Hapandi hatua mpaka apate mara sita katika kumi. Akishuka chini ya mara tatu, tunamrudisha hatua moja bila kumwambia kwamba amerudishwa.

Maelekezo yawe mafupi na yaje moja moja. Mwalimu anayesema "geuka, inua raketi, tazama mpira, piga" amesema mambo manne, na mtoto mwenye ulemavu wa akili atashika la mwisho tu. Tunamwonyesha kwa vitendo, tunanyamaza, anafanya. Mtoto mwenye usonji anahitaji kujua mambo yataisha lini. Kwa hiyo tunapanga mipira sita kwenye ndoo mbele yake: ndoo ikiwa tupu, zamu imekwisha. Picha za kazi za siku zinabandikwa ukutani kwa mpangilio uleule kila kipindi, na filimbi haipulizwi karibu naye. Akiziba masikio na kukimbia, hajakosa adabu. Kelele zimemzidi, apelekwe kivulini na mtu mmoja tu.

Kwa wanafunzi viziwi, kosa la kawaida ni mwalimu kusimama akiwa amelipa jua mgongo. Uso wake unakuwa kivuli, na alama za mikono hazisomeki. Asimame akilitazama jua, hata likimuumiza. Kusimamisha mchezo tunatumia bendera nyekundu. Tukumbuke pia kwamba mchezaji anayesikia hupima nguvu ya pigo kwa mlio wa raketi, kwa hiyo kiziwi afundishwe mapema kuitazama raketi ya mpinzani badala ya kuungoja mpira.

Tenisi ya wasioona ilianzishwa Japani mwaka 1984 na Miyoshi Takei, ambaye mwenyewe hakuwa anaona. Mpira wake ni wa sponji, na ndani yake mna mpira mdogo wa tenisi ya mezani wenye gololi ndogo zinazolia unapodunda. Mistari ya uwanja ni kamba nyembamba iliyofunikwa kwa utepe wa gundi, ili mguu uihisi. Asiyeona kabisa anaruhusiwa midundo mitatu kabla ya kupiga. Sponji ya godoro inafaa kuutengeneza mpira huo, lakini ikilowa inakufa, haidundi. Na hapa pwani kuna jambo ambalo halimo vitabuni: upepo wa kusi ukivuma mchana, mlio wa mpira unapotea. Watoto hawa wacheze asubuhi.

Asubuhi hiyo hiyo inawafaa watoto wenye ualbino, maana ngozi yao na macho yao havilihimili jua. Ratiba yetu inaisha saa 3 asubuhi, na ya jioni haianzi kabla ya saa 10. Kofia iwe ya ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Ile ya kepu inaacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda huanzia. Nguo iwe ya mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yapakwe tena akitoka jasho.

Tenisi ya viti vya magurudumu ilianza Marekani mwaka 1976 kwa juhudi za Brad Parks, na tangu Barcelona mwaka 1992 inatolewa medali katika Michezo ya Paralimpiki. Uwanja ni uleule, wavu ni uleule. Tofauti kubwa ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na mdundo wa pili waweza kuwa nje ya mistari. Tunaipenda sana kanuni hii kwa sababu inamruhusu mtoto wa kwenye kiti kucheza na mwenzake anayetembea, mmoja midundo miwili, mwingine mmoja, bila yeyote kupendelewa. Lakini kiti cha hospitali si cha michezo. Hakina magurudumu yaliyolala upande, kinapinduka kwa nyuma mtoto akinyoosha mkono juu, na vikanyagio vyake hukwama. Kwa sasa tunamfunga mtoto mkanda kiunoni na miguuni, mtu mzima anasimama nyuma, na hakuna kupiga mipira ya juu. Mtoto anafundishwa kuanza kusukuma kabla mpira haujapigwa, kwa kuwa kiti kilichosimama ni kizito kukiondoa.

Kuhusu usalama tunaomba wazazi mtusikilize kwa makini. Mtoto mwenye mgongo wazi huenda asisikie maumivu sehemu za chini, kwa hiyo baada ya kipindi ngozi ya makalio na miguu ikaguliwe kama ina wekundu. Watoto hao wengi pia hudhurika na mpira wa asili, ule wa baluni na glovu, hivyo baluni hazitumiki kwenye mazoezi yao. Mwenye mrija wa kupunguza maji kichwani asirushiwe mipira ya usawa wa kichwa. Mwenye sindromu ya Down aonwe na daktari kwanza kuhusu shingo. Akianza kutembea vibaya, kulalamika shingo au kujikojolea wakati hakuwa na tabia hiyo, michezo isimame siku hiyo hiyo. Mwenye kifafa akianguka, alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, na saa itazamwe: zikipita dakika tano, ni hospitali. Ajali za kila siku, hata hivyo, hutokana na mipira iliyozagaa chini. Haturushi mpira mwingine hadi yote iokotwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu zinajulikana. Mtoto anayesubiri kwenye foleni ya watoto kumi na wawili haji tena, kwa hiyo tunahitaji mtu mzima mmoja kwa watoto watatu au wanne, na walimu hatutoshi. Msimu wa korosho watoto wengi huenda shambani na bibi zao, na wakirudi tunaanza upya kwenye kudaka.

Kwa hiyo tunakuomba mambo haya. Kwanza kabisa, sakafu ya saruji yenye ukubwa wa uwanja wa netiboli, isiyo na ngazi, yenye kivuli upande mmoja. Bila hiyo mengine yote yanazama mchangani. Pili, viti vinne vya michezo vyenye gurudumu dogo la nyuma la kuzuia kupinduka. Tatu, mipira myekundu dazeni sita na raketi fupi ishirini. Nne, siku moja kila muhula ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Hospitali ya Ligula, awapime watoto kabla hawajaanza. Tano, utusemee ili walimu wa shule jirani waje kujifunza nasi, na tenisi hii ioneshwe kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya manispaa, pamoja na soka maalumu na mpira wa goli wa wasioona (goalball) ambao watoto wetu tayari wanaucheza.

Watoto wako tayari uwanjani, na kiti chako kimewekwa upande wa kivuli. Tungependa uanze na uwanja wa pili, ambako wanaonyesha hatua ya kudaka.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu na walezi wa kitengo cha elimu maalumu,
Mtwara