Uyoga si papa, tusiufungie msimu

Mhariri,

Kuna msomaji aliyependekeza katika ukurasa huu kwamba uchumaji wa uyoga wa msituni hapa Tabora ufungwe kwa msimu, kama Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Akatoa mfano wa papa wa Greenland, kwamba akivuliwa hovyo hatarudi.

Kwa papa simpingi. Watafiti waliopima lenzi za macho yake walikadiria mwaka 2016 kwamba jike hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 150. Ukimtoa majini leo, pengo lake wataliziba vilembwe.

Uyoga ni habari nyingine. Anachoweka mama kwenye beseni ni tunda tu. Mwenyewe, yaani kuvu, yuko chini ya udongo, nyuzi kwa nyuzi. Kule Oregon, Marekani, kuvu moja ya msitu wa Malheur imetanda takriban hekta 965 na inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Papa kwake ni mtoto. Uswisi walifuatilia jambo hili kwa miaka 29 kuanzia 1975, sehemu nyingine wakichuma, nyingine wakiacha. Kuchuma hakukupunguza mavuno ya baadaye. Kukanyagakanyaga ndiko kulikopunguza uyoga uliojitokeza.

Kuvu ya Oregon ni mwizi, inakula mizizi mpaka mti ufe. Ya kwetu ina adabu. Uyoga mwingi tunaouchuma miomboni umeshikamana na mizizi ya miti iliyo hai, kama mitundu: mti unatoa sukari, kuvu inauletea mti maji na madini. (Ule wa vichuguuni hesabu yake mbali, mkulima wake ni mchwa.) Kata mtundu, na kuvu iliyoutegemea imekosa chakula, hata kama hakuna aliyegusa uyoga wake.

Mimi ni mfuga nyuki, miti hiyohiyo ndiyo inayonilisha. Sijaona pori lililoisha kwa beseni la uyoga. Nimeona yaliyoisha kwa tanuri za mkaa, kwa mashamba mapya, na kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Anayetaka kufunga kitu aanzie huko. Na kama lazima wachumaji wawe na kanuni, basi iwe hii: wasichimbe kwa jembe, wala wasijazane kundi zima mahali pamoja.

Mfuga nyuki,
Sikonge, Tabora