Binti amechanjwa, mama yake je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwa miezi kadhaa sasa, kila nikifungua gazeti nakutana na habari za maendeleo ya tiba ya saratani: dawa zinazoamsha kinga ya mwili ili ishambulie uvimbe, chanjo zinazotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja, na mashine za mionzi zinazolenga uvimbe bila kuunguza sana viungo vya jirani. Sina ugomvi na habari hizo. Ninachosema ni kwamba katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Tanzania inaua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote, maendeleo makubwa kuliko yote, yaani chanjo na kipimo cha kuuwahi ugonjwa, yameshatufikia, gharama yake si ya kutisha, sehemu ya ushahidi wake ilipatikana Mwanza, na bado tunayatumia nusu nusu.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha kwamba nchi yetu hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,500. Kinachouma ni kwamba chanzo chake kinajulikana. Mtafiti Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonesha kwamba ugonjwa huu unasababishwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani. Tena haiji ghafla. Tangu virusi ving'ang'anie mwilini hadi saratani kamili itokee hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20, ingawa kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kama anayeishi na VVU bila dawa, muda huo unaweza kuwa miaka mitano hadi kumi. Ni saratani chache sana zinazompa mganga muda mrefu namna hiyo wa kuiwahi.

Kwa upande wa mabinti tumefanya kazi ya maana, na anayestahili sifa apewe. Chanjo ya HPV ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenea nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana miezi sita. Dozi ya pili ndiyo iliyotusumbua sisi wauguzi tuliokuwa kazini, kwa sababu ukirudi shuleni baada ya miezi sita unakuta binti amehama, amemaliza darasa la saba, au amekwenda kwa shangazi yake mkoa mwingine na jina lake limebaki kwenye daftari. Ndipo utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ukaonesha kwamba dozi moja huacha kinga ya kutosha kwenye damu, na mwingine wa Kenya, uliowafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika maeneo ya Nairobi, Thika na Kisumu, ukaonesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania ikaifuata, safari hii kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14.

Kwa wanaoendelea kusema kwamba chanjo hii inafunga kizazi, nawaomba wawatazame waliotangulia. Uingereza imewachanja kwa miaka mingi wasichana ambao leo ni wanawake wazima wanaozaa kama kawaida, na miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 saratani ya mlango wa kizazi imepungua kwa asilimia 87. Huko Scotland, uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 haukumpata hata mgonjwa mmoja kati ya waliochanjwa katika umri huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Msichana aliyechanjwa mwaka 2024 akiwa na miaka tisa atafika arobaini mwaka 2055. Wanawake watakaougua na kufa katika miaka ishirini ijayo si yeye bali ni mama yake, shangazi yake na mwalimu wake, ambao walishapita umri wa chanjo na ambao kampeni zetu haziwagusi. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu ya mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wafikapo miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wafikapo miaka 35 na tena wafikapo 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo watibiwe. Lengo la kwanza tunalitangaza kwa matarumbeta, lakini hilo la pili halina hata bango.

Nimefanya kazi katika chumba cha uchunguzi kwa miaka mingi, kwa hiyo nieleze kinavyokuwa. Mama analala kitandani, muuguzi anapaka siki ya asilimia tatu hadi tano kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, kisha anamulika na kutafuta doa jeupe lenye ukingo unaoonekana. Kipimo ni rahisi, hakihitaji maabara, na kimeokoa wengi. Lakini kinategemea jicho, na jicho hutofautiana: wauguzi wawili waliofunzwa darasa moja wanaweza kumtazama mama mmoja, huyu akaona doa na yule asione kitu, hasa mwanga ukiwa hafifu. Halafu kuna matibabu. Kituo nilichokuwa kilitegemea tiba mgando, yaani kugandisha seli zilizoharibika kwa baridi kali, ambayo haiendi bila mtungi wa gesi, na mtungi ukiisha tulikuwa tunamwambia mama aje Alhamisi. Alhamisi ile ilikuwa siku ya mnada. Wengi hawakurudi, na sikuwahi kuwalaumu, maana nauli ya kwanza walikuwa wameikopa.

Hapo ndipo maendeleo ya miaka ya karibuni yanapogusa maisha ya kawaida kuliko dawa yoyote ya bei mbaya. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kipimo cha kwanza kiwe cha kutafuta virusi vyenyewe, kwa mwanamke wa kuanzia miaka 30, au 25 kama anaishi na VVU, kwani hatari yake ni mara sita ya wengine. Sampuli anaichukua mwenyewe kwa brashi ndogo laini, nyuma ya pazia, bila kupanda kitandani wala kutazamwa na mtu, na anayejua jinsi aibu inavyowazuia wanawake wetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu nyingi zinazo kwa ajili ya makohozi ya kifua kikuu, zinaweza kutoa jibu la HPV kwa muda wa saa moja hivi. Akikutwa na virusi, muuguzi anamchunguza, na akifaa kutibiwa hapohapo kipo kifaa cha joto cha kushika mkononi, kinachotumia betri, kinachochoma seli zilizoharibika kwa chini ya dakika moja. Mtungi wa gesi hauhitajiki tena.

Ninachopendekeza ni kwamba juma la chanjo ya binti liwe pia juma la kipimo cha mama. Mwalimu anapompa mwanafunzi karatasi ya taarifa ya chanjo, karatasi hiyohiyo imwalike mama, au mlezi yeyote wa kike wa umri unaohusika, kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Nasema zahanati na si shuleni kwa makusudi. Ukiweka meza ya vipimo vya kizazi pembeni ya foleni ya watoto, uvumi wa kufunga kizazi utakuwa umeupalilia mwenyewe. Na pale ambapo mashine haifikiki au kifaa cha matibabu hakipo, bora sampuli zisichukuliwe kwanza, kwa sababu jibu lisilomrudia mwenyewe ni hasara tupu na linaharibu imani ya kijiji kizima. Najua watu wa kifua kikuu watasema katriji za HPV, yaani vikasha vya kupimia vinavyoingizwa kwenye mashine, ni ghali na mashine zao zina foleni. Foleni hupangika kwa siku na saa. Bei ya katriji ndiyo inayotaka Serikali ikae mezani na wauzaji, tena ikiwezekana pamoja na majirani zetu wa Afrika Mashariki, ili iagize kwa wingi.

Kwa wale ambao saratani imeshawapata, nako kuna habari inayotufaa ambayo sikuiona ikiandikwa sana. Utafiti uitwao INTERLACE, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wagonjwa 500 katika nchi tano zikiwemo India na Mexico, uliwapa baadhi ya wagonjwa dawa mbili za zamani, carboplatin na paclitaxel, mara moja kwa wiki kwa wiki sita kabla ya tiba ya kawaida ya mionzi na kemikali. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 yao walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 72 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake. Dawa hizo zinatengenezwa na viwanda vingi na bei yake haifanani kabisa na ile ya dawa mpya za kinga. Mabingwa wetu wa hospitali za Ocean Road na Bugando ndio wa kuamua nani anafaa kupewa, lakini uamuzi wao hautakuwa na maana kama dawa zenyewe hazipo stoo, au kama mama aliyetoka Kigoma hana pa kulala katika majuma yote ya matibabu.

Wizara ya Afya huutangazia umma idadi ya wasichana waliochanjwa, na inafanya vizuri. Naiomba itangaze pia, mkoa kwa mkoa na kila mwaka, wanawake wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na virusi au mabadiliko ya awali, na wangapi kati ya hao walitibiwa.

Wako,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Morogoro